MREMBO WA INSTA NA SAMAKI ALIYEGOMA KULA

Mrembo mmoja wa Insta, jina kapuni, anafuga mbuna sebuleni kwake Sinza. Hao ni samaki wa rangi kali wa Ziwa Nyasa, ukoo mmoja na sato. Juzi kati jike mmoja akagoma kula, mashavu yametuna. Mashosti wakasema anaumwa, mtupe asije akaua wenzie.

Kumbe jike la mbuna hubeba mayai mdomoni, anashinda njaa kama wiki 3 mpaka watoto waweze kuogelea. Dume? Akishatungisha, hana habari.

Mrembo, ambaye naye analea mwanae peke yake, akamhamishia tangi dogo lenye mawe. Vifaranga walipotoka, alilia. Mashosti walewale sasa wanaomba wagawiwe.

Haya wadau, wangepewa au wanyimwe?