Fulana ya Milima

Nchi ya Kasulu haikuumbwa kwa ajili ya baiskeli. Barabara itokayo Kigoma, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hupanda na kuteremka katika mabonde ya Buha mpaka ifike Kasulu, penye mita 1,300 hivi. Na msafiri akishika njia ya Manyovu au ya Kibondo, vilima humngojea vilevile. Hata hivyo baiskeli ni nyingi. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya muhogo na ya maharage, madumu ya mawese, mkaa, na pengine mgonjwa anayepelekwa zahanati. Mgeni huziona zikiteremka kwa kishindo, mwenye chombo akizuia gurudumu kwa soli ya kiatu, akadhani ameijua kazi. Kazi yenyewe ipo upande wa pili wa kilima. Huko baiskeli haipandwi. Husukumwa, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja nyuma ya mzigo, kifua kimeinama juu ya tandiko, na njia hugawanywa kimoyomoyo kutoka mti hadi mti. Chombo ni chuma cha kilo 20 au karibu yake, na mzigo aghalabu hupita uzito wa mwenyewe. Kipimo cha ushindi ni kufika kabla soko halijavunjika. Mtu huyu hana jina la heshima katika lugha ya michezo.

Ulaya mtu apandaye mlima kwa baiskeli analo jina, anao mshahara, na akiwashinda wenzake huvishwa fulana. Ustadi wake una sababu za kimaumbile. Katika nchi tambarare adui mkubwa ni upepo, nao washindani huukinga kwa kufuatana, wa nyuma akijificha kwa wa mbele. Barabara ikiinuka, mwendo hupungua, kinga ya mwenzi hupungua nayo, na kila mmoja huachwa na uzito wake. Kwa hiyo mpanda milima hujipunguza. Chakula chake hupimwa kwa mizani. Chombo chake hakizidi sana kilo 6.8, ambazo ndizo kima cha chini kinachokubaliwa na chama cha dunia. Hata chupa zake za maji huletwa na wenzake waliopewa kazi hiyo. Mwenye ndizi wa Kasulu husifiwa kwa alichoongeza juu ya keria, na huyu husifiwa kwa alichoondoa.

Mbio kubwa za Ufaransa zilianza mwaka 1903, na zawadi ya mfalme wa milima ikaongezwa mwaka 1933. Kila kilele hupewa daraja kwa urefu na ukali wake, na anayetangulia kukifikia huandikiwa alama. Tangu mwaka 1975 mwenye alama nyingi huvaa fulana nyeupe yenye madoa mekundu, vazi ambalo mtu asiyelijua angeweza kulicheka. Wataliana wameipata zawadi hiyo mara nyingi. Gino Bartali aliichukua mwaka 1938 na tena mwaka 1948, baada ya vita kumla miaka ya ujana wake. Fausto Coppi aliichukua mwaka 1949 na 1952, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili alishinda mbio zote za Ufaransa na za Italia pia. Coppi alikufa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 40, kwa malaria aliyoipata safarini Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Madaktari wa kwao hawakuutambua ugonjwa ambao mama yeyote wa Kasulu angaliutaja kabla ya kumgusa mgonjwa paji la uso.

Wataliana hao ndio walioipeleka baiskeli Eritrea, koloni lao tangu mwaka 1890. Mji wa Asmara upo zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na barabara ya kutoka bandari ya Massawa huupanda urefu huo wote kwa mwendo wa kilomita 115 hivi. Haikosekani shule ya mpanda milima mahali kama hapo. Lakini waliopanga mashindano hawakutaka kupimwa na watawaliwa wao. Yasimuliwa kwamba mwaka 1939, Wataliana walipokubali mara moja kushindana na wenyeji, aliyewatangulia wote alikuwa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Utawala unaosimama juu ya madai ya ubora wa damu hauwezi kuona raha katika jambo kama hilo, na aliyeisimamisha saa ya mashindano alipaswa kuandika alichokiona.

Daniel Teklehaimanot alizaliwa mwaka 1988 huko Debarwa, kusini ya Asmara, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa bado vitani kutafuta uhuru wake. Alipokua alikuwa kijana mrefu, si kipande kidogo cha mtu kama walivyo wengi wanaosifika milimani. Alichukuliwa na chuo cha chama cha dunia cha baiskeli kilichopo Aigle, Uswisi. Huko iligunduliwa kasoro katika mapigo ya moyo wake, naye akapasuliwa. Mwaka uleule, 2009, alishika nafasi ya sita katika mbio za Ufaransa za vijana, ambazo huwa ngazi ya kupandia kwenye zile kubwa. Mwaka 2010 alishinda mbio za kuizunguka Rwanda. Vilima vile vya Rwanda ni ndugu wa vilima vya Buha. Kutoka Kasulu hadi Kigali, kwa mstari ulionyooka kuvuka Burundi, hazitimii kilomita 300. Ni katika vilima hivyo hivyo vya Kigali ambamo mwaka 2025 ubingwa wa dunia ulishindaniwa mara ya kwanza juu ya ardhi ya Afrika, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na katika wanaume zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza ni 30 tu.

Mwaka 2015 Teklehaimanot alikuwa katika timu ya Afrika Kusini iliyoitwa MTN-Qhubeka, timu ya kwanza iliyoandikishwa Afrika kualikwa katika mbio kubwa za Ufaransa. Pamoja na Mweritrea mwenzake, Merhawi Kudus, alikuwa miongoni mwa Waafrika weusi wa kwanza kutoka bara lenyewe kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Miaka 112 ilikuwa imepita. Mwezi mmoja kabla, katika mbio za Dauphiné, alikuwa amekwisha ipata zawadi ya milima, kwa hiyo hakwenda Ufaransa kama mgeni asiyejua alitafutalo.

Tarehe 9 Julai, katika kipande cha sita, kutoka Abbeville hadi Le Havre, aliondoka mapema na wenzake wawili akauacha umati nyuma. Njiani palikuwa na vilele vitatu, vyote vya daraja la nne, lililo la chini kabisa, na kila kimoja kina alama moja. Alivitangulia vyote vitatu. Watatu hao walikamatwa kabla ya kufika mwisho, na ushindi wa siku ukaenda kwa mtu mwingine; lakini jioni Teklehaimanot alipandishwa jukwaani akavishwa fulana ya madoa mekundu. Hapana Mwafrika mweusi aliyewahi kuivaa. Waeritrea waishio Ulaya walijaa kando ya barabara na bendera zao.

Hapa ndipo penye shida ambayo wapenzi wake hawapendi kuigusa. Vilima vile vitatu vipo karibu na pwani ya Normandy, juu ya majabali ya chokaa, na mtu akitoka Kasulu kwenda sokoni kwa miguu huweza kuvipata vya namna hiyo kabla jua halijapanda. Mwenye mikungu ya ndizi asingeviita milima. Magazeti mengi yaliandika kwamba Mwafrika ameishinda milima ya Ufaransa, na maneno hayo hayakuwa kweli. Ile milima mikubwa ilikuwa bado mbele. Wengine, waliojiona wajuzi, waliyageuza maneno wakasema kwamba fulana ile ilikuwa bahati ya siku chache, kwa sababu mashujaa walikuwa wakijihifadhi. Hao nao wamekosea, na kosa lao ni baya zaidi. Sheria iliyompa Teklehaimanot alama tatu ndiyo iliyowapa wengine alama zao tangu mwaka 1933. Hakuna aliyezuiwa kumfuata asubuhi ile, na watu wawili tu ndio walioweza. Kumsifu kwa uongo ni kumnyang'anya sifa yake ya kweli, nayo ni kwamba aliisoma ramani, akajua pahali ambapo mtu wa nguvu zake aweza kupata anachokitaka, akaenda akakichukua mbele ya macho ya wote.

Mtu wa Kasulu asingemwonea ajabu kwa mapafu. Angemwonea ajabu kwa kufika. Kati ya kijana mwenye miguu ya chuma na mstari wa kuanzia nchini Ufaransa pana chombo ambacho bei yake hununua nyumba, pana daktari wa moyo, pana mashindano ya kila juma ya kumfunza mtu kukaa ndani ya kundi bila kuanguka, na pana karatasi ya kuingilia nchi za watu, ambayo imewatesa Waeritrea wengi kuliko mlima wowote. Hakuna daraja linalotolewa kwa vilele hivyo, na kwa hiyo hakuna alama.

Aliivaa fulana kwa siku nne za mashindano. Tarehe 14 Julai ilifika milima ya Pyrenees, na barabara ya La Pierre-Saint-Martin, kilomita 15 za kupanda bila huruma. Aliyeshinda siku hiyo na kumvua fulana alikuwa Chris Froome, mpanda milima aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa baiskeli na David Kinjah katika vijiji vya Kikuyu, akaiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia bendera ya Uingereza mwaka 2008. Basi fulana ile ilitoka kwa mtoto wa Debarwa ikaenda kwa mtoto wa Nairobi kwa mchana mmoja. Ajabu hii haikuandikwa sana. Yamkini ni kwa sababu Froome hakuhesabiwa tena kuwa wa huku.

Jina la timu lastahili neno moja. Qhubeka, katika lugha za Kizulu na Kixhosa, ni kusonga mbele, na ndilo jina la shirika linalowapa watoto wa shule na wengineo baiskeli. Baiskeli hizo ni nzito, zimejengwa kwa barabara mbovu, na keria yake huweza kuchukua kilo 100. Vijana wa timu waliendesha vyombo vya kilo saba ili fedha zipatikane za kununua vyombo ambavyo mtu wa Kasulu angevitambua mara moja, akavifunga kamba, na kuanza kuulizia bei ya ndizi.

Mwaka 2017 Teklehaimanot alikwenda Italia, katika mbio zile ambazo Coppi alizishinda mara tano. Mbio zilianzia kisiwa cha Sardinia. Tarehe 6 Mei, katika kipande cha pili, aliondoka tena mapema, akakusanya alama za vilele vya njiani, na jioni akavishwa fulana ya samawati, ambayo kwa Wataliana ni ya mpanda milima. Mjukuu wa watu waliokatazwa kushindana na Wataliana kwenye barabara za Asmara aliivaa mbele ya Wataliana, kwao. Tarehe 9 Mei mbio ziliingia Sicily na kuukabili mlima Etna, mlima wa moto, mrefu kweli kweli, na jioni yake fulana ilikwenda kwa Jan Polanc wa Slovenia. Teklehaimanot aliivua, akalala, na asubuhi akapanda baiskeli pamoja na wenzake kwenda kuwachukulia maji.