Cherehani Mbili za Bei Moja



Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku ughaibuni ufa wenyewe mara nyingi ni suruali ya shule iliyotoboka gotini au gauni la kutoka nyumbani lililofumuka ubavuni. Hapa Glasgow, ujira wa kupunguza suruali moja unaweza kukaribia bei ya suruali mpya. Ndiyo maana mwaka 2008 sisi, mume na mke wenye watoto watatu wa shule, tuliamua kununua cherehani.

Dukani tulikuta cherehani ndogo za umeme, nyepesi, zenye mishono mingi ya mapambo, kila moja pauni 60. Kwa furaha tukanunua mbili. Moja tuliiweka nyumbani. Ya pili tukaipeleka Tanga kwa dada yetu mkubwa, aliyetaka kuanza kushona sare za wanafunzi barazani kwake. Mmoja wetu ni mhandisi wa mitambo, tena aliyesomea huku huku Uingereza, lakini hakufungua hata kifuniko kuchungulia ndani. Tulitazama bei na idadi ya mishono, basi.

Yetu ilitufaa. Kila tulipopiga simu Tanga, dada naye alisema, "Nashukuru, wadogo zangu, tunaendelea." Tulipokwenda likizo mwaka 2010 tuliikuta yake juu ya kabati, imefunikwa kanga. Ilikuwa imekufa mwezi wa tatu tu tangu ifike, katikati ya kazi ya sare, na dada akalazimika kuwarudishia wazazi fedha walizotanguliza. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu, "Ningesemaje, na nyinyi mmejinyima?"

Usiku ule mhandisi wetu aliifungua. Gia ya plastiki ilikuwa imeng'oka meno matatu. Kwa haki, mashine haikuwa na kosa. Iliundwa kwa viraka vya jioni moja moja, nasi tuliipeleka ikashone kaki kutwa kucha.

Kesho yake tulifanya lililotupasa tangu mwanzo: tulimwuliza dada anataka nini. Hakufikiri mara mbili. Alitaka cherehani nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu. Umeme ukikatika haisimami, mikono yote miwili inabaki huru kuongoza kitambaa, na kila fundi wa mtaani anaijua na vipuri vyake anavyo. Tulimnunulia pale pale Tanga. Anaishonea mpaka leo.

Kwa hiyo, msomaji unayetaka cherehani ya kurekebishia nguo nyumbani, usiogope ya bei nafuu. Yetu bado inafanya kazi. Unahitaji mishono miwili tu, wa kunyooka na wa zigizaga, pamoja na uwezo wa kurudi nyuma ili kufunga uzi. Zigizaga ni muhimu kwa fulana na vitambaa vinavyovutika, kwani mshono wa kunyooka hukatika vikivutwa. Mishono ya maua hutaigusa.

Nenda na kipande cha jinzi mfukoni. Kikunje mara nne, uombe kukishona mbele ya muuzaji. Kabla ya hapo zungusha gurudumu la pembeni kwa mkono: lizunguke laini, bila kukwama wala kukwaruza. Uliza pia kama inatumia sindano za kawaida, zile za namba 130/705H, maana zinapatikana karibu kila mahali. Ukubwa wa 90 unatosha nguo nyingi, na 100 ni kwa jinzi. Mashine ikianza kuruka mishono, badilisha sindano kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Usidharau za zamani. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, jirani yetu hapa, kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha treni bado kinaitwa Singer, na mashine zake za chuma bado zinashona. Nyingi hushona mshono wa kunyooka tu, lakini kwa jinzi na mapazia ni imara, na ile ya mkono haihitaji umeme kabisa.

Na ukitaka kumpelekea ndugu nyumbani, kumbuka kwamba mashine ya Marekani ni ya volti 120, na Tanzania umeme ni volti 230. Ukiichomeka bila transfoma itaungua. Lakini kabla ya volti, kabla ya bei, piga simu. Uliza atashona nini, saa ngapi kwa siku, na nani ataitengeneza ikiharibika. Akisema chochote mtakachompa kitamfaa, uliza tena. Dada yetu naye alisema hivyo hivyo.