Mtoto akirudi nyumbani, ameleta nini?



Hapa kwetu mtoto aliyesoma mbali akirudi, muji mzima unajua. Motari anapiga honi toka barabara kubwa, wamama wanapiga vigelegele, kuku anachinjwa, na wazee wanamuuliza habari za kule mpaka usiku. Ninapenda sana furaha hiyo. Leo nataka kuwasimulia juu ya dada mmoja wa Kenya, sababu kurudi kwake nyumbani kulinifundisha kazi yangu mwenyewe.

Jina lake ni Juliana Rotich. Alizaliwa Kenya mwaka 1977, akaenda Marekani kusomea mambo ya kompyuta, na akafanya kazi huko miaka mingi. Huko huko alikuwa akiandika kwenye intaneti juu ya teknolojia ya Afrika na nguvu za jua, tena alikuwa mhariri wa habari za mazingira kwenye Global Voices. Kisha zikaja zile fujo za Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na zaidi ya 500,000 walikimbia nyumba zao. Ninyi munaolala leo kwa jamaa aliyewapokea, munajua hesabu hiyo ina maana gani.

Mwanzo wa Januari 2008, Ory Okolloh, naye mwandishi wa Kenya, aliuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ni wapi watu wanashambuliwa. Juliana, Erik Hersman na David Kobia waliitika, na kwa siku chache kazi ikawa tayari. Wakaiita Ushahidi, neno letu hili hili. Mtu wa kawaida alituma ujumbe, na habari yake ikawekwa kwenye ramani pamoja na mahali na siku. Mwaka huo huo wa 2008 ilitumiwa pia kufuatilia mapigano ya huku kwetu mashariki ya Kongo.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hilo linanigusa. Nilipokuwa mpya kwenye kazi hii, mtu mmoja alinipigia simu akisema kijiji kimoja upande wa Salamabila kimetulia. Nilimwamini, nikatangaza. Mama mmoja aliyekimbilia Kasongo akasikia, akafunga mizigo, akashika njia na watoto. Baada ya siku nne akarudi. Walikuwa wamekutana na watu wanaokimbia tena, na katika kukimbia alipoteza mbuzi wawili na gunia la mpunga alilochukua kwa deni.

Alinikuta sokoni. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Mwanangu, uliona kwa macho yako?"

Sikuwa na jibu. Toka siku ile sitangazi kwamba njia imefunguka kabla ya kusikia watu watatu wasioambizana: motari aliyepita, muuguzi wa kituo cha afya, na mkulima wa pale pale. Niliposoma juu ya Ushahidi, nikaona wale wa Kenya walikuwa wakitafuta kitu kile kile nilichokosa mimi, yaani sauti nyingi juu ya mahali pamoja.

Juliana angeweza kubaki Marekani na mshahara wake. Alirudi Nairobi. Kule nako umeme unakatika na mtandao unaanguka. Mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha BRCK, kisanduku kidogo cha intaneti chenye betri ya saa 8. Umeme ukikatika, kinaendelea. Waya ukikatika, kinahamia kwenye mtandao wa simu, na watu 20 wanaweza kukitumia kwa mara moja. Mashine zilizotengenezwa kwa nyumba zenye umeme usiku na mchana zilikuwako tayari. Yeye alianzia kwenye shida ya nyumbani.

Hiyo ndiyo ninayoona inastahili vigelegele. Hapa Kasongo wengi tunachaji simu kwenye paneli ya jua ya jirani. Ndani ya Kabambare kuna mahali ambapo mtu anapanda kilima ndipo apate mtandao. Kwa hiyo, watoto wetu munaosomea kompyuta Kindu, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa, hatungoji murudi na gari. Mukirudi, mukae kwanza na yule mama, mumuulize alihitaji kujua nini siku ile kabla ya kufunga mizigo. Nambari moja ya kupokea ujumbe, daftari moja, paneli moja, na watu waaminifu wa kuhakikisha habari: kazi inaweza kuanzia hapo, mashine kubwa ikaja nyuma.

Kuku wa kuwapokea hatakosekana.

Mama yule bado yuko hapa Kasongo. Deni la mpunga amelimaliza. Juzi aliniuliza tena habari za kijiji chake. Nilimwambia nimesikia watu wawili, ninangoja wa tatu.

Ni mimi mwandishi wenu, Kasongo.