Nani Kasimama Wapi

Kwa ofisa kijana wa ubalozi wetu wa Tanzania mjini Beijing, ambao wakati ule tuliuita Peking, Oktoba Mosi, sikukuu ya taifa la China, ilikuwa siku ya kazi kuliko siku zote za mwaka. Viongozi wa China hawakuhojiwa na mtu, magazeti yote yalikuwa ya chama, na mikutano mikubwa tuliisikia ikiwa imeshapita. Kilichobaki ni roshani ya Lango la Tiananmen: nani kapanda, kasimama ubavuni mwa nani, na nani hayupo. Kesho yake tulipitia orodha ya majina katika taarifa ya Shirika la Habari la Xinhua. Mkuu wangu wa kazi alinifundisha kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu watu huwaangalia wakubwa tu.

Mwaka 1970 mwandishi Mmarekani, Edgar Snow, alisimama katika roshani hiyo kando ya Mwenyekiti Mao. Picha yao ilitoka ukurasa wa mbele wa gazeti la chama tarehe 25 Desemba. Washington haikuielewa; Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa rais wa Marekani, mwenyewe aliandika baadaye kwamba ishara ile ya kuikaribia Marekani iliwapita. Julai iliyofuata alikuwa Beijing kwa siri.

Lakini mwaka ulioniingia moyoni ni 1971. Vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya gwaride katikati ya Septemba wakatoweka uwanjani. Kisha tukaarifiwa kuwa hakuna gwaride, watu watasherehekea katika bustani. Picha ya Mao na Lin Biao pamoja, ambayo kila mwaka ilikuwa lazima, haikutoka. Lin alikuwa ameandikwa katika katiba ya chama ya 1969 kuwa mrithi wa Mao! Wafanyakazi Wachina wa ubalozini hawakuuliza wala kujibu. Wanadiplomasia wa Sanlitun, mtaa wa balozi, walikuwa wakialikana chakula cha jioni kila mmoja akitumaini mwenzake anajua. Ndege ya Lin ilikuwa imeanguka Mongolia tarehe 13 Septemba, naye ndani yake, na dunia ilikuja kuambiwa baada ya miezi mingi.

Kwetu jambo hili halikuwa udadisi. Ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na China, ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, kwa mkopo usio na riba, na maelfu ya mafundi wa Kichina walikuwa porini pamoja na watu wetu. Nani anashika usukani Beijing lilikuwa swali la reli yetu. Ndiyo maana tarehe 30 Septemba 1974, Waziri Mkuu Zhou Enlai alipotoka hospitalini kuongoza karamu ya kuamkia sikukuu, amekonda mno, niliona huzuni kabla sijafikiria ripoti. Alizungumza kwa dakika chache, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Reli ilikabidhiwa Julai 1976. Zhou alikuwa ameshafariki, na Mao akamfuata Septemba. Mwezi uliofuata mjane wa Mao na wenzake watatu wakakamatwa, na jarida la picha la serikali likachapisha safu ya viongozi kwenye maombolezo ikiwa na mapengo pale walipokuwa wamesimama wale wanne. Hata maelezo chini ya picha yalikuwa na alama badala ya majina yao.

Gwaride lilirudi mwaka 1984. Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo, alikagua majeshi akiwa garini, na wanafunzi wakafungua bango la kumwamkia kwa jina lake. Hapo ndipo kazi ilipoanza kubadilika. Sherehe zilianza kuonyeshwa moja kwa moja, na mabalozi wakaleta waambata wa kijeshi kuhesabu magari ya makombora.

Mwaka 2019, katika miaka 70 ya taifa lile, nilitazama nikiwa nyumbani Dar es Salaam. Wachambuzi wote walizungumzia kombora la DF-41, lililoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza. Mimi nilimtazama Jiang Zemin, mzee wa miaka 93, akiwa amesimama upande mmoja wa Rais Xi Jinping, na Hu Jintao upande wa pili, wote wawili marais waliomtangulia Xi. Viongozi wa enzi tatu katika safu moja, mbele ya dunia nzima. Sikumsikia mchambuzi hata mmoja akilitaja hilo, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya siku.