Kama Nabii Ana Angeishi Kigwa

Huku Kigwa mzee hasalimiwi kwa kupita. Kijana husimama, msichana hupiga goti, na ile "mwangaluka" ya asubuhi huvutwa mpaka habari za nyumba, za mifugo na za mvua ziishe. Mgeni kutoka mjini akiona hivyo hufurahi, akasema Wanyamwezi wanajua kuheshimu wazee. Nasi tunaohudumu hapa tunamkubalia. Lakini, wapendwa, salamu ya asubuhi ni jambo moja, na maneno ya jioni, bibi akishafunga mlango wake, ni jambo jingine. Tunataka kusema juu ya hayo ya jioni.

Misafara ya pembe na nguo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita hapa Kigwa. Burton na Speke walipita njia hii mwaka 1857. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kila kundi la wapagazi lilikuwa na mnyampara wake. Kwa asili neno hilo la Kinyamwezi ni la mzee, babu, mtu wa kumshauri mtemi. Mtu wa namna hiyo alijua maji yako wapi na mtemi wa mbele hudai hongo kiasi gani. Mabega ya kijana yalibeba mzigo, kumbukumbu ya mzee ikabeba safari. Kisha neno likaingia katika Kiswahili likawa mnyapara, na leo mnyapara ni msimamizi wa vibarua au kiongozi wa wafungwa. Babu ametoka ndani ya neno, amebaki msimamizi peke yake. (Nasi kanisani tusicheke sana, maana kwetu "mzee wa kanisa" aweza kuwa na miaka ishirini na minane.)

Yaliyompata bibi ni mazito zaidi. Katika nchi yetu, kati ya mwaka 1970 na 1984, hesabu iliyokusanywa ilionyesha watu zaidi ya 3,600 waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani, kwa jirani zetu na ndugu zetu wa lugha. Unyamwezini kwetu nako mambo hayo yanajulikana. Sungusungu walipoanza miaka ya 1980 watu waliwashukuru kwa kurudisha ng'ombe walioibwa, na ni haki washukuriwe, lakini wapo pia wanawake wazee waliofukuzwa vijijini siku zile kwa jina la ulinzi.

Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Mtu amepika miaka hamsini kwenye mafiga matatu kwa kuni mbichi. Msimu wa tumbaku amekesha akichochea moto kwenye mabani ili majani yakauke sawasawa na watoto walipiwe ada. Pengine ana vikope, pengine ana mtoto wa jicho, na hospitali iko mbali. Macho yale ni stakabadhi ya chakula tulichokula. Sisi tukaisoma stakabadhi kama hati ya mashtaka.

Na mara nyingi nyuma ya ramli chonganishi kuna shamba. Mume amekufa, mjane amebaki na ekari zake chache na ng'ombe wawili, na yuko mtu wa ukoo anayeona kwamba bibi amekawia.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulisoma Luka sura ya pili mara nyingi, kwa Kiyunani na kwa Kiswahili, na jambo hili halikutujia. Limetujia hapa Kigwa. Ana binti Fanueli, wa kabila la Asheri, alikaa na mume miaka saba tu, kisha akawa mjane mpaka umri wa miaka themanini na minne. Luka hatutajii mtoto wake hata mmoja. Alikuwa hekaluni usiku na mchana, akifunga na kuomba. Sasa mlete huku. Mume amekufa mapema: watu wangesema amemla. Hali pamoja na wenzake: kwa nini? Usiku hayuko nyumbani: anakwenda wapi? Halafu siku moja anasogea kwa mama mwenye mtoto mchanga wa siku arobaini, naye anaanza kunena habari za mtoto yule mbele ya watu. Ni mama gani wa kijiji chetu asingemfunika mwanawe kwa kanga na kuondoka haraka?

Mariamu hakuondoka. Tena dakika chache kabla ya hapo mtoto alikuwa mikononi mwa Simeoni, mtu aliyekuwa akingoja kufa. Bwana wetu alipoletwa hekaluni mara ya kwanza, waliomtambua ni hao wawili. Makuhani walikuwepo, walikuwa na kazi nyingi.

Watoto wetu wa kipaimara wanakariri Amri ya Nne, ya kuwaheshimu baba na mama, na Amri ya Tano, ya kutokuua. Sisi tunadhani bibi wa Kigwa anauawa kwanza katika Amri ya Nane. Katika Katekisimo Ndogo Luther hakuishia kukataza uongo juu ya jirani. Anatutaka tumtetee na kuyaelewa mambo yake kwa upande ulio mwema. Panga huja mwisho. Kabla yake kuna mtu aliyenong'ona msibani, na kuna kumi waliosikia wakatazama chini, na baadhi yao wanapokea Meza ya Bwana Jumapili.

Tena tunahubiri kila Oktoba, Sikukuu ya Matengenezo, kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake. Kisha tunarudi nyumbani na kumpima bibi kwa mistari aliyopalilia.

Serikali imefanya yake. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na hospitalini tunasoma kibao cha kutuomba tumpishe mzee. Zanzibar walianza mwezi Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka sabini na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku bara tungependa kuiona hiyo. Lakini hakuna sera inayoweza kukaa barazani kwa bibi saa mbili usiku.

Kwa hiyo tunakaa sisi. Mwaka jana mtoto wa jirani alikufa kwa malaria, na cheti cha zahanati kilisema hivyo, lakini kabla ya matanga kuisha jina la mjane mmoja lilikuwa limeshatembea. Akaacha kuja kanisani. Alituambia kwamba akija, na wiki hiyo mtu akaugua, watasema alimtazama. Wanawake wa usharika wakashauri jumuiya ya Alhamisi ihamie kwake. Siku ya kwanza tulikuwa saba pamoja naye. Alikuwa amechemsha karanga sufuria nzima, zikabaki nusu, na mwinjilisti akazifunga kwenye gazeti akaondoka nazo akizila njiani ili watu waone.

Alhamisi ya nne mama wa marehemu alikuja. Alikaa karibu na mlango, hakuonja kitu, akatoka kabla ya baraka. Iliyofuata hakuja. Wiki iliyopita alimtuma binti yake mdogo kuazima kinu, na bibi akampa.