Duluti: Ziwa Dogo Lenye Fundisho Kubwa

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa Tanga au wa Mafia kwamba waenda Arusha kuvua samaki, yamkini atacheka na kukuuliza kama umepotea njia. Arusha yajulikana kwa kahawa, kwa ndizi, kwa mikutano, na kwa wageni wapitao kwenda Serengeti. Walakini chini ya Mlima Meru lipo ziwa ambalo mtu aweza kulifikia alfajiri, akavua kwa ndoana, akarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Jina lake ni Duluti. Jumapili hii nakualika twende pamoja, wewe na watoto wako, maana ziwa hilo lina jambo la kumfunza kila mwenye nyumba.

Safari yenyewe si ngumu. Panda daladala iendayo Usa River kwa barabara ya Moshi, ushuke Tengeru, kilometa 13 hivi kutoka mjini. Ukifika Jumatano au Jumamosi utalikuta soko kubwa limefurika, akina mama wa Kimeru wameketi nyuma ya mikungu ya ndizi, nawe utapata shida kupita. Jumapili pametulia. Ukatize upande wa kusini kwa miguu, upite migomba na mibuni, na baada ya mwendo mfupi utaingia katika kivuli cha msitu. Msitu huo ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lipa kiingilio, chukua stakabadhi, kisha ueleze mapema kwamba nia yako ni kuvua, ili uambiwe masharti na uonyeshwe mwongozaji.

Usione haya kuchukua mwongozaji. Wengi wetu hudhani kwamba mwongozaji ni wa wageni kutoka Ulaya, na kwamba mwananchi anayejua kufunga ndoana hahitaji kuongozwa. Nami nilidhani hivyo hadi siku niliyokwenda huko na binti yangu wa miaka 11.

Kwanza nikueleze ziwa lilivyo. Duluti ni shimo la volkano ya kale lililojaa maji. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, ndio mzazi, na shimo hili ni mmojawapo wa watoto aliowaacha miguuni pake. Eneo la maji ni hekta 60 hivi tu, na mahali penye kina kirefu hapazidi sana meta 9. Mtu mwenye miguu mizima aweza kulizunguka lote kwa njia ya msituni asubuhi moja, huku akiwasikia kima juu ya miti na kuwaona kenge wakiota jua. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yake huletwa na mvua, na mengine hupita chini kwa chini ardhini. Tena si kama maziwa ya Momella, yaliyo upande wa pili ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo maji yake yana magadi na huwafaa heroe kuliko watu. Maji ya Duluti ni baridi, na samaki wake mashuhuri ni perege.

Tulimkuta mwongozaji wetu ukingoni saa 12 asubuhi, mzee mwenye koti kuukuu na viatu vya mpira. Binti yangu akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuvua au kumtazama baba akivua?" Mtoto akajibu kwamba amekuja kuvua. Mzee akampa yeye ufito mzuri zaidi, mimi nikapewa uliobaki.

Vifaa vilikuwa vya kawaida kabisa: ufito, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, kipande cha bua cha kuelea juu ya maji, na chubwi isiyozidi punje ya hindi. Chambo kilikuwa nyungunyungu pamoja na donge la ugali uliokandwa mgumu. Tukaingia mtumbwini, na mzee akatusukuma polepole kwa upondo, sambamba na matete na mafunjo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kazi ya mwongozaji. Mimi nilitazama maji, yeye aliyasoma. Tete likitikisika pasipo upepo, alinyamaza na kunyosha kidole. Mnandi akizama, alihesabu mpaka ndege huyo aibuke, kisha akaugeuza mtumbwi. Alituzuia kugonga ubavu wa chombo, kwa sababu katika maji ya kina kifupi samaki husikia kishindo upesi kuliko tunavyosikia sisi. Alimfundisha binti yangu asivute bua linapocheza, bali angoje lizame. Mtoto alingoja, bua likazama, akavuta, na perege wa kiasi cha kiganja cha mtu mzima akaja juu aking'aa. Sijapata kumwona mwanangu akifurahi namna ile kwa zawadi yoyote ya dukani.

Baadaye tukafika mahali ambapo maji yalikuwa maangavu na mafupi hata chini kulionekana. Katika tope palikuwa na visahani vya mviringo, kama kwamba mtu alikuwa amebonyeza makalio ya vyungu. Juu ya visahani hivyo walikuwapo samaki wakizungukazunguka. Mimi nikatayarisha ndoana haraka. Mzee akaushika ufito wangu.

"Hapa hatutupi, mwanangu," akasema. "Hapa ni chumba cha uzazi."

Kisha akamweleza mtoto, nami nikisikiliza. Perege dume huchimba kisahani kile kwa mdomo wake na kukilinda. Jike huja, hutaga mayai, kisha huyakusanya yote kinywani mwake. Humo hukaa nayo mpaka yaanguliwe, na hata baada ya kuanguliwa, vifaranga wakiogopa hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Muda wote huo mama huyo hali, ama hula kidogo mno, kwa kuwa kinywa chake kimekuwa nyumba ya watoto.

"Ndoana humsamehe mama," mzee akasema, "kwa sababu mama aliyebeba wana hana haja na chambo. Chandarua hakimsamehe yeyote."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinichoma. Nilipokuwa na umri kama wa binti yangu, nilikuja likizo kwa mjomba wangu pande hizi. Mimi na wenzangu watatu tulichukua chandarua kilichotoboka, tukakishika pembe nne, tukaburura ukingoni mwa ziwa hili hili, penye matete. Tulijaza sufuria. Wengi walikuwa wadogo kama ukucha. Miongoni mwao alikuwapo perege mmoja mkubwa, na tulipomwinua alifungua kinywa akatema vidudu vingi vidogo, kama punje za mtama zenye macho. Tulicheka sana. Tulidhani alikuwa akitapika chakula alichokula. Nyumbani bibi alikataa kuwapika wale wadogo kwa kuwa walikuwa miiba mitupu, nao wakamwagwa migombani.

Binti yangu aliniona nimenyamaza. Akaniuliza, "Baba, na wewe uliwahi kuvua kwa chandarua?" Ningeweza kumjibu hapana. Mzee alikuwa akitazama kwingine. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na habari ya yule samaki aliyetema wanawe na kicheko chetu. Mtoto hakusema neno kwa kitambo. Kisha akamwomba babu atusogeze mbali kidogo na visahani, tusiwasumbue.

Huenda mtu akasema: sufuria moja ya samaki ni kitu gani? Tufikirie. Ziwa lisilo na mto haliletewi samaki wapya kutoka kokote. Wanaozaliwa katika ukanda ule mwembamba wa matete ndio watakaovuliwa mwakani. Mwenye kuvua watoto ukingoni amekula mbegu.

Wala jambo hili si la Duluti peke yake. Mito mingi iteremkayo Meru, kama Themi, Nduruma, Tengeru na Usa, huingia mto Kikuletwa, nao huenda hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Bwawa lile lilipokuwa jipya lilitoa samaki kwa wingi wa ajabu, na watu walihamia kandokando yake kwa ajili ya neema hiyo. Baadaye nyavu zilizidi, matundu yake yakawa madogo, na samaki wakapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2016 ilibidi serikali isimamishe uvuvi kwa muda ili samaki wapate kuzaliana. Fikiria nyumba zilizotegemea bwawa lile kwa kitoweo na kwa ada za shule, jinsi zilivyoshinda siku hizo.

Hata nchi tajiri zimepitia njia hiyo. Katika ghuba za kina kifupi za Texas na Louisiana, huko Marekani, yupo samaki mwekundu apendwaye sana na wavuvi wa ndoana. Wageni humlipa mwongozaji awapeleke kwa mashua bapa, naye husukuma kwa upondo kama mzee wetu. Samaki huyo hukua utotoni katika maji mafupi, kisha akipevuka huenda bahari kuu. Katika miaka ya 1980 mpishi mmoja mashuhuri wa New Orleans, Paul Prudhomme, alivumisha namna ya kumpika kwa viungo katika kikaango chenye moto mkali, na kila hoteli ikamtaka. Meli zikawafuata wazazi huko baharini kwa nyavu kubwa. Texas ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara ya samaki huyo mwaka 1981, na mwaka 1987 serikali ya Marekani nayo ikazuia uvuvi wake wa biashara katika maji yake ya ghuba. Leo mvuvi wa ndoana huko hutakiwa kumpima samaki wake: aliye mdogo kupita kiasi hurudishwa, na katika majimbo hayo hata aliye mkubwa huwekewa mpaka, kwa kuwa ndiye mzazi.

Nasi hatukosi sheria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na baruti na sumu vimekatazwa. Ila sheria haiwezi kukaa katika kila tete. Anayekaa huko ni mtoto mwenye chandarua mkononi, naye hufanya kama alivyoona wakubwa wakifanya.

Kwa hiyo, utakapokwenda Duluti, chukua mwongozaji, vua kwa ndoana, chukua wa kuwatosha wa nyumbani, na usiache mifuko wala chupa ukingoni, maana hakuna mto wa kuzichukua. Watoto wasiachwe majini peke yao. Ukiona visahani katika tope, waonyeshe, uwasimulie, kisha mpite kando.

Sisi tulirudi na perege wanne. Mama yao aliwapika kwa nazi na ndizi. Binti yangu, kabla ya kula, alimfungua kila samaki kinywa na kuchungulia ndani. Vyote vilikuwa vitupu, naye akala kwa raha.