Ngome za Udongo Kati ya Kitale na Bungoma

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Webuye huona mashamba ya mahindi pande zote, na Mlima Elgon umekaa upande wake wa kulia kama mzee anayewatazama wajukuu wake. Nchi ni ya rutuba na ya utulivu, wala hakuna kinachomwambia kwamba anapita katika nchi iliyokuwa ya ngome. Hapana minara ya mawe kama ile ya Fort Jesus kule Mombasa, wala mizinga iliyosimama mbele ya lango. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mia nyingi watu wa sehemu hizi waliishi ndani ya maboma, wakalala usingizi wao nyuma ya ukuta na handaki. Ngome zao zilikuwa za udongo, na udongo hurudi upesi katika nchi ulikotoka. Ndiyo sababu yafaa tuzitazame sasa, kabla jembe halijamaliza kazi ambayo mvua imeianza.

MASHIMO YA WASIRIKWA

Tuanze Kitale na nchi ya nyanda za juu iliyo mashariki yake. Huko katika malisho na kwenye miteremko ya vilima yako mashimo mengi ya duara, mengine yamezungushiwa mawe, mengine ni bonde dogo tu lililoota nyasi. Wakalenjin husema kwamba mashimo hayo ni ya Wasirikwa, watu wa kale waliokuwa na ng'ombe wengi. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba katika baadhi yake, na hasa kazi ya Bwana John Sutton katika miaka ya 1960 imetufundisha jinsi yalivyotumika. Zamani watu walidhani kwamba mashimo yale yalikuwa nyumba zenye paa. Imeonekana kwamba sivyo: shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ilijengwa kando yake. Yalitumika tangu yapata mwaka wa 1200 hata karibu na mwaka wa 1700.

Tazama akili iliyokuwamo. Zizi lilichimbwa katika mteremko, likawa na mlango mmoja mwembamba upande wa chini. Ng'ombe wakiwa ndani, hawakuonekana kwa mbali. Na penye nyumba, mlango wake ulifunguka ndani ya zizi lenyewe, hata mtu asiweze kuingia nyumbani ila kwa kupita katikati ya mifugo, wala mwizi asiweze kumgusa ng'ombe bila mwenyewe kuamka. Boma kama hilo lilitosha kuzuia wezi wachache wa usiku. Halikutosha ulipokuja wakati wa vita vya vikosi vikubwa. Wakati Wamasai walipotawala nyanda zile, mtindo wa mashimo ulikwisha, na Wasirikwa wakabaki jina katika masimulizi.

MAPANGO YA ELGON

Watu waliokaa katika miteremko ya Elgon hawakuhitaji kuchimba, kwa kuwa mlima wenyewe ulikuwa umewajengea ngome. Yako mapango makubwa, na lililo mashuhuri kupita mengine ni Kitum, ambalo tembo huliingia usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika huko mwaka wa 1883, aliwakuta Wakony, ambao ni wa jamii ya Wasabaoti, wakikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na midomo ya mapango imezibwa kwa magogo yaliyosimamishwa imara. Adui hakuweza kuzunguka nyuma, maana nyuma ni mlima mzima. Alikuwa na njia moja tu, nayo ni ile inayolindwa.

UKUTA NA HANDAKI

Lakini anayeteremka kufika nchi ya Wabukusu na Watachoni haoni mapango wala mawe mengi. Huko ni tambarare na vilima vya chini, na nchi imewekwa wazi kwa kila ajaye. Katika karne ya 19 walikuja wengi: Wateso kutoka magharibi, Wamasai wa Uasin Gishu kutoka mashariki, na majirani wa mlimani waliopigania malisho. Kwa hiyo watu wakajenga ngome kwa kitu walichokuwa nacho, yaani udongo na mikono yao. Kwa Kibukusu ngome hiyo huitwa lukoba, na zikiwa nyingi ni chingoba.

Kazi ilikuwa hivi. Duara kubwa lilipimwa chini, na handaki likachimbwa kulifuata. Udongo uliotoka handakini haukutupwa mbali, bali ulirundikwa upande wa ndani na kushindiliwa mpaka ukawa ukuta. Hivyo kila jembe lililopigwa lilifanya kazi mara mbili. Tuseme handaki lina kina cha futi sita na ukuta una kimo cha futi sita: adui aliyeteremka handakini alijikuta mbele ya futi kumi na mbili za udongo utelezao, na juu yake wamesimama watu wenye mikuki. Ukuta mrefu kama huo usingejengwa na kijiji kidogo kwa njia nyingine yoyote.

Umbo la duara nalo halikuchaguliwa kwa uzuri tu. Mtu akiwa na kamba moja, akaitandaza chini kwa umbo la mraba, kisha kwa umbo la duara, ataona kwamba duara huzunguka mahali pakubwa zaidi. Basi kwa uchimbaji mchache watu walipata nafasi kubwa ya nyumba na mifugo. Tena duara halina pembe ambayo adui aweza kujificha.

Lango ndilo lililokuwa shida, kwa kuwa kila ngome ina nguvu kama lango lake. Kwa hiyo lilifanywa jembamba, na usiku likazibwa kwa magogo. Hapa ndipo akili ya wajenzi inapoonekana vizuri kuliko mahali pengine. Mshambuliaji wa siku zile hakuja kutwaa ardhi. Alikuja kutwaa ng'ombe. Kijana hodari aweza kuruka handaki na kuparamia ukuta, lakini ng'ombe hawezi. Hata kama maadui wachache wangeingia, wasingeweza kutoka na mifugo ila kwa lango lile lile jembamba, ng'ombe mmoja mmoja, huku wenyeji wamekwisha kuamka. Kwa hiyo ukuta ulizuia watu wasiingie, na zaidi ya hapo ulizuia mali isitoke.

Mkubwa wa ngome aliitwa omukasa. Hakuwa mfalme, na Wabukusu hawakuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Alikuwa mtu aliyekubaliwa na wanaume wa kijiji kwa busara yake. Kazi ya handaki ilihitaji mikono mingi kwa siku nyingi, na kila mwaka mvua ilipobomoa sehemu ya ukuta, watu walipaswa kuirudishia. Hapakuwa na mshahara wala askari wa kuwasukuma. Mwenye kukaa ndani alichimba. Asiyechimba alikuwa akilindwa na jasho la mwenzake, na jambo hilo halivumiliki siku nyingi katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake.

MFANO WA UCHINA

Labda msomaji ataona kwamba ukuta wa udongo ni jambo dogo. Na tuvuke bahari tuutazame mji wa Xi'an katika nchi ya Uchina, ambao ukuta wake ni mmoja wa kuta za mji zilizohifadhiwa vizuri kupita nyingine zote duniani. Ulijengwa katika miaka ya 1370, wakati wa wafalme wa ukoo wa Ming. Una kimo cha futi 40 hivi, na mzunguko wake ni yapata maili nane na nusu. Nje yake kuna handaki la maji. Kila baada ya futi 400 hivi ukuta umetokeza nje kama kifua, ili walinzi waweze kumpiga kwa mishale kutoka pande mbili adui aliyefika chini ya ukuta. Malango yake yamefanywa kwa hila: aliyevunja lango la kwanza hujikuta katika ua uliozungukwa na kuta pande zote, lango la pili limefungwa mbele yake, na mishale inamshukia kutoka juu.

Sasa, ukuta huo mkubwa ndani yake ni nini? Ni udongo ulioshindiliwa, tabaka juu ya tabaka. Matofali yanayoonekana leo yalifunikwa juu yake baadaye, mwaka wa 1568. Fundi wa Xi'an na mchimbaji wa lukoba walijua jambo moja: udongo ulioshindiliwa vizuri huwa ukuta, na shimo ulikotoka huwa ukuta wa pili. Tofauti ni kwamba mmoja aliamriwa na mfalme mwenye kodi na majeshi, na mwingine aliitwa na majirani zake. Na tofauti nyingine ni matofali. Ukuta wa Xi'an ulivikwa nguo ya kuzuia mvua. Ukuta wa Wabukusu ulibaki uchi.

MWAKA WA 1895

Hata hivyo hakuna ngome isiyo na mpaka wa nguvu zake, na mpaka wa ngome hizi ulionekana mwaka wa 1895. Mwaka uliotangulia, serikali ya Waingereza iliyokuwa Mumias ilipeleka kikosi kidogo cha askari wa Kinubi kwa Wabukusu kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwao. Kikosi kile kiliuawa karibu chote. Mwezi wa Agosti 1895 Bwana C. W. Hobley alikusanya jeshi la askari wa Kinubi, Waganda, Wamasai na watu wa Mumia, akaenda kulipiza kisasi. Ngome ya Lumboka ilishambuliwa kwanza. Baada ya hapo vita vikahamia katika ngome ya Chetambe, mzee wa Kitachoni, juu ya kilima kilicho karibu na Webuye ya leo.

Watu waliokuwa Chetambe walipigana kwa ushujaa, na handaki lilifanya kazi yake kama lilivyofanya siku zote. Lakini lilikuwa limechimbwa kwa ajili ya mkuki, upinde na mbio za wezi wa ng'ombe. Halikuchimbwa kwa ajili ya bunduki ya bombomu inayomimina risasi mfululizo. Mbele ya silaha hiyo, hesabu yote ya ngome iligeuka. Duara lililowakusanya watu wote pamoja na wanyama wao mahali pamoja, ili walindane, sasa liliwakusanya mbele ya risasi. Lango jembamba lililomzuia mwizi asitoke na ng'ombe, sasa liliwazuia wenyeji wasipate njia ya kukimbia. Waliokufa walikuwa wengi, na ng'ombe wengi walichukuliwa.

Baada ya vita hivyo chingoba zilianza kuachwa. Vita vya kuibiana ng'ombe vilipungua, watu wakatawanyika wakajenga kila mtu katika shamba lake. Handaki lisilosafishwa hujaa, na ukuta usiorudishiwa huanguka.

YALIYOBAKI

Lakini watu hawakusahau. Mwezi wa Septemba 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake kilimani Chetambe kuwakumbuka waliokufa miaka 52 kabla ya hapo. Serikali iliona jambo hilo kuwa la hatari, na mwaka wa 1948 ikaipiga dini hiyo marufuku na kumpeleka Masinde Lamu. Katika jambo moja wote wawili, Masinde na serikali, walikubaliana bila kusema: kwamba handaki la kale juu ya kilima si udongo mtupu.

Kule Migori ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga iliandikwa mwaka wa 2018 katika orodha ya urithi wa dunia. Iliistahili heshima hiyo. Lakini mawe hujitunza yenyewe kwa sehemu kubwa, na udongo hautunziki ila na watu. Mkulima mmoja kwa plau, katika asubuhi moja, aweza kusawazisha handaki ambalo kijiji kizima kilichimba kwa msimu mzima, na asijue alichofanya. Hatuwezi kumlaumu, ikiwa hakuna aliyemwonyesha.

Basi kuna mambo mawili yanayofaa kufanywa. La kwanza, mtu mwenye mfereji wa duara katika shamba lake, au shimo la Wasirikwa, asilifukie kabla ya kuuliza. Kitale kuna makumbusho, ambayo asili yake ni mkusanyo wa Bwana Hugh Stoneham ulioanzishwa mwaka wa 1926, nayo yamekuwa ya taifa tangu mwaka wa 1974. Huko wako watu ambao kazi yao ni kuyajua mambo hayo. La pili, walimu wa Webuye, Kimilili na Bungoma wawapandishe watoto kilimani Chetambe, wawaambie wazunguke kwa miguu na kuhesabu hatua, kisha wawaulize swali hili: watu wangapi walihitajika kuchimba hapa, na nani aliwalazimisha? Mtoto atakayejibu kwamba hapana aliyewalazimisha, atakuwa amejifunza jambo kubwa juu ya babu zake.